Masomo ya Kireno, Milimani Kisumu

Nimesoma miezi miwili kwa mwalimu wa Kireno hapa Milimani, shilingi 500 kwa saa. Kilichonikuna ni matamshi. Hakutulazimisha kufuata sauti moja: "tia", yaani shangazi, Lisbon ni tia, lakini Rio de Janeiro utasikia chia. "Dois", yaani mbili, huishia na sh huko Rio na Lisbon. São Paulo wengi huishia na s.

Mimi nimelelewa kwa Kiluo, lugha isiyo na sh. Shuleni nilichekwa kwa kusema "sule". Siku mwalimu alipotueleza hiyo s ya São Paulo nilikaribia kulia: s yangu ina kwao!

Kasoro: tulikuwa kumi na wawili chumbani, na wa nyuma hasikii vizuri r ya kooni. Kaeni mbele.