Huduma ya fundi wa hita ya maji, Kanyenye, Tabora

Hita yetu ya lita 50 ilipoanza kutoa maji ya uvuguvugu, tena katika asubuhi za Julai ambazo Tabora huwa na baridi, fundi wa kwanza alitushauri tununue mpya bila hata kufungua kifuniko. Wa pili, mwenye kibanda hapa Kanyenye, alizima swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, ndipo akapima koili, yaani kipande cha ndani ya tangi kinachopasha maji joto. Koili ya wati 1,500 kwa umeme wa volti 230 husoma takriban omu 35 (kipimo cha ukinzani wa umeme), na yetu ilisoma hivyo hivyo, haikuwa imeungua.

Alipomwaga maji na kuichomoa koili, tuliiona imevikwa ukoko mweupe, mnene kuliko ganda la yai, ambao ulizuia joto lisiyafikie maji na kuifanya thamostati, kidhibiti cha joto, ikate umeme mapema. Aliukwangua taratibu, akabadilisha mpira wa kuzuia uvujaji, akajaza tangi kabla ya kuwasha (jambo ambalo wengi hulisahau, koili ikaungua), kisha akarekebisha thamostati hadi nyuzi 60.

Alichelewa saa mbili na hakutoa risiti, lakini nitamwita tena.