Kahawa chungu kila siku na meno meupe: nilivyovitumia na majibu yake

Niseme mapema, mi kahawa siachi. Kama unatafuta mtu wa kukwambia acha kahawa unywe maji ya uvuguvugu na asali basi huyo sio mimi. Nakunywa kahawa chungu kijiweni asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi, katikati hapo ofisini kuna Africafe, na wikendi ndo usiseme kabisa, mtu ukishakaa kwenye benchi drafti linachezwa na ubishi wa Simba na Yanga umekolea, vikombe havina hesabu. Kwahiyo haya ni maoni ya mtu anayetaka vyote viwili, kahawa iendelee na nikicheka nisiwatishe watu.

Jibu lenyewe nalitoa hapahapa ili mwenye haraka aende zake: kilichofanya kazi kwangu ni kusafishwa meno kwa mashine kwa daktari wa meno, ile ya kutoa ugaga, yaani uchafu uliogandia kwenye meno, na kupiga polishi. Vingine vinavyouzwa kwa jina la kung'arisha, kimoja kinapaka rangi tu, kingine kinakwangua, kingine kinaleta ganzi ya kukufanya uogope hata upepo.

Sasa tuongee vizuri. Meno yangu hayakuwa ya njano yote, na hapa ndo watu wengi hatuangaliagi. Washa tochi ya simu, simama kwenye kioo, vuta mdomo wa chini halafu inama uangalie nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale ulimi unapogusa. Kwangu kulikuwa na ugaga wa kahawia umejishikiza kabisa, na kati ya jino na jino kuna mistari myeusi kama mtu kapitisha peni. Mbele mtu akikuangalia anaona tu meno yamefifia, ila mzigo wenyewe uko huko nyuma. Kahawa ina tanini na rangi nzito, zinanasa kwenye ule utando mwembamba wa mate unaokaa juu ya jino, na penye ugaga zinanasa zaidi maana ugaga unakwaruza, hauna ule ulaini wa jino lenyewe. Na ugaga ukishakomaa hautoki kwa mswaki, hata usugue mpaka fizi zitoe damu, ule umeshakuwa jiwe.

Wanywa chai ya rangi msitucheke, chai nayo imejaa tanini na inapaka meno vilevile, wengine inawapaka kuliko kahawa. Anayetia maziwa ana nafuu kidogo kwasababu protini ya maziwa inazikamata zile tanini kabla hazijashika jino. Ila maziwa kwenye kahawa chungu ya kijiweni hapana, utaonekana umekuja kufanya fujo.

Nilianza na poda ya mkaa kama kila mtu. Niliinunua mtandaoni, elfu kumi na tano pamoja na boda wa kuleta, kikopo kidogo na kijikaratasi kinasema asili asilimia mia. Unachovya mswaki unasugua, mdomo mzima mweusi, sinki jeusi, taulo la watu nimeliharibu, na ukitema bado kuna vijichembe vimejibana kwenye fizi unaenda navyo kazini. Je inang'arisha? Kidogo inatoa, siwezi kudanganya, yale madoa ya juujuu yanapungua. Ila inatoa kwa kusugua, yaani ni msasa huo, na jino lina gamba gumu la nje ambalo likilika halioti tena. Chini ya hilo gamba kuna sehemu ya ndani ambayo yenyewe kwa asili ni ya njano. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukilipunguza gamba jeupe kila asubuhi utaishia na meno ya rangi gani? Halafu ile niliyonunua haikuwa na floridi hata kidogo, kwahiyo wakati nasugua na kikopo changu cha asili, jino linakosa kile kinacholilinda lisitoboke. Mi ikaanza kunijia ganzi kwenye chonge nikinywa maji ya friji, nikaitupa.

Kuna mama mmoja jirani akanambia kamulia ndimu kwenye baking soda, usugue, wenzio ndo wanavyofanya. Nikamwitikia ndiyo mama, asante, na nikaishia hapo. Ndimu ni asidi kali, inalainisha gamba la jino, halafu wewe juu yake unapeleka unga wa kusugua. Meno yatang'aa siku hiyo kweli, kwasababu umeyachuna.

Ile dawa ya meno ya zambarau inayotrendi nayo nimeitumia. Hii sina ugomvi nayo sana, maana inafanya inachosema kama ukielewa inachosema. Zambarau inaizima njano kwenye macho ya anayekuangalia, basi, haijatoa doa lolote. Una harusi jioni, una picha za kikazi, paka, suuza, nenda. Ukishakula pilau na ukanywa kinywaji imekwisha habari. Kwa bei yake naona ni ghali kwa kitu cha masaa machache, ila dada zangu wanaipenda na sitaki kesi nao.

Nikaja kwenye zile stripu za kubandika, nililetewa zawadi kutoka Dubai. Hizi ndo zinabadilisha rangi kweli kwasababu zina hidrojeni peroksaidi, inaingia ndani ya jino na kuzivunja rangi, haisugui. Unabandika, unakaa nusu saa mate yanakujaa na huwezi kuongea vizuri, ukitoa fizi zimepauka kidogo halafu zinarudi. Weupe niliuona. Ila usiku ikaja ganzi ya kupita kama shoti kwenye jino moja, inakuja inaondoka, mpaka nikawa nalala nimefunga mdomo, na kahawa ya asubuhi nikaisubiri ipoe, kitu ambacho kwa mnywaji wa kahawa ni adhabu. Ganzi iliisha nilipoacha.

Kingine kuhusu stripu ambacho hakuna muuzaji atakwambia: haibadilishi rangi ya ziba la jino. Mi nina jino la mbele lilizibwa pembeni zamani, lile ziba likabaki na rangi yake ileile ya zamani wakati jino limepanda weupe, sahivi ukinikaribia unaliona. Na angalia kiasi cha dawa. Ulaya tangu 2012 stripu za dukani haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 ya peroksaidi, na kuanzia hapo mpaka asilimia 6 lazima uanzie kwa daktari wa meno, na kwa walio chini ya miaka 18 ni marufuku. Sasa chukua boksi linalouzwa na kaka wa Instagram hapa mjini uligeuze nyuma, limeandikwa asilimia ngapi? Langu halikuandikwa popote. Kitu unakibandika mdomoni nusu saa hujui nguvu yake, kwakweli hapo nikasema basi.

Ndo nikaenda kusafishwa. Niliogopa maana nilikuwa najua kwa daktari wa meno unaenda kung'oa tu, na kuna mtu kijiweni aliapa kabisa kwamba ukisafishwa meno yanalegea. Nikamuuliza daktari, akacheka, akasema kama meno yalikuwa yameshikiliwa na ugaga basi yalishalegea zamani, ugaga ndo ulikuwa unakuficha. Hiyo kauli niliikariri nimrudishie yule bwana.

Kinachofanyika: unalazwa kwenye kiti, taa usoni, anakuja na kile kichuma kinachotetemeka na kurusha maji, kina mlio mwembamba unaingia mpaka kwenye fuvu. Hakichongi jino, mtetemo ndo unaupasua ugaga. Msaidizi anashika kibomba cha kunyonya maji. Maumivu hamna ya kusema, ila kwenye mizizi ya chini pale penye fizi zilizoshuka unaruka kidogo. Nilisikia kitu kigumu kimedondoka juu ya ulimi, nikatema kwenye beseni, kipande cha ugaga saizi ya punje ya mchele, upande mmoja njano upande mwingine mweusi wa kahawa, nimekaa nacho mdomoni kumbe miaka. Baadaye polishi, kijimpira kinazunguka na dawa yenye ladha ya minti na chengachenga za mchanga, hiyo ndo inayoondoa madoa ya mbele. Akanipa kioo. Sio meupe ya waigizaji wa Marekani, ni rangi yangu mwenyewe ambayo nilikuwa nimeisahau, na mimi ndo nilikuwa naitaka hiyo. Ulimi ulikosa pa kutulia siku nzima, unaenda kwenye mapengo madogo kati ya meno ambayo ugaga ulikuwa umeyaziba, hewa inapita, ajabu sana.

Tahadhari moja hapa. Ofisini tuna mwenzetu kakulia Arumeru, meno yake yana mabaka ya kahawia, na kila mtu anamwambia punguza kahawa wakati hata hanywi. Yale ni ya maji. Mkoa wa Arusha na maeneo ya kuzunguka Meru kuna vyanzo vina floridi nyingi kupita sana kile kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto akiyanywa wakati meno yanatengenezeka ndani ya fizi, rangi inakuwa sehemu ya jino. Hiyo hutoi kwa kusafisha wala kwa mkaa, inahitaji mashauri mengine na daktari. Kwahiyo kabla hujanunua chochote jua doa lako liko juu au liko ndani.

Tangu hapo nimebadilisha vitu vidogo. Kahawa nakunywa nikimaliza nimemaliza, siweki tena chupa mezani na kunywa kidogokidogo mpaka mchana maana hiyo ndo inapaka rangi masaa yote. Nikimaliza kikombe nasukutua na maji, hata kijiweni naomba maji ya kunywa, na kashata nayo inakwenda na hayo maji. Mswaki sipigi papohapo, nasubiri kama nusu saa kwasababu kahawa nayo ina asidi na jino linakuwa limelainika. Mswaki laini, dawa ya kawaida yenye floridi, ile ya bei ya kawaida ya dukani kwa Mangi. Mchana natembea na mswaki wa mti, ile miswaki inayouzwa nje ya misikiti, natafuna ncha mpaka inachambuka napitisha pale mistari inapopenda kurudi. Kuna walionishauri kunywa kwa mrija. Kahawa chungu, ya moto vile, kwenye kikombe cha udongo, kwa mrija! Sijui hata hao waliwahi kukaa kijiweni.

Madoa yanarudi, nisikufiche, nyuma ya meno ya chini nimeshaona rangi imeanza, ila sio ugaga tena, na daktari alisema nirudi baada ya miezi sita aangalie. Nitarudi. Mkaa sitarudi, stripu labda na daktari mwenyewe akisimamia, zambarau waachiwe wenye harusi.

Bei ya kusafishwa mi niliambiwa elfu hamsini. Ila ukienda uliza mapema kama hapo na polishi imo, maana mi niliambiwa polishi ni elfu kumi na tano juu nikiwa tayari nimelala kwenye kiti, na ukiwa na kile kibomba cha kunyonya mate mdomoni huwezi kupatana bei, unaitikia tu kwa kichwa. Na kama una bima wapigie kabla hujatoka nyumbani, yangu ilisema huo ni urembo.