Pikapu ya Kuvuta Trela Kubwa: Bodi ya Urefu Gani Inunuliwe

Mtu aliyezoea dabo kebini za Afrika Mashariki, ambazo bodi yake haizidi sana mita moja na nusu na kazi yake kubwa ni kubeba magunia na watu, hushangaa anapofika kwenye yadi ya magari huko Texas au Ohio na kukuta pikapu ya jina lilelile inauzwa ikiwa na bodi za urefu tofauti. Muuzaji ataanza na injini, kisha ataingia kwenye viti vya ngozi na kioo cha redio. Hayo yote yana nafasi yake, lakini kwa anayenunua gari ili avute trela kubwa, iwe ya mizigo ya biashara au ya kulala safarini, urefu wa bodi ndio utakaoamua kama ataweza kukata kona kali bila kuvunja kioo chake cha nyuma.

Nchini Marekani bodi ziko za namna tatu. Fupi kabisa ni ya futi 5 na nusu hivi, na hupatikana kwenye pikapu nyepesi kama Ford F-150, Ram 1500 na Chevrolet Silverado 1500. Ya kati huitwa ya futi 6 na nusu, ingawa kila kiwanda kina kipimo chake: Ram 2500 ina futi 6 na inchi 4, Ford Super Duty (pikapu nzito za Ford, kama F-350) ina futi 6 na inchi 9, na Silverado HD ina futi 6 na inchi 10. Ndefu ni ya futi 8, na hiyo karibu haibadiliki kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Kabla ya kuzipanga kwa ubora, mnunuzi ajue kwanza trela yake inafungwa wapi. Ikiwa inafungwa chini ya bampa ya nyuma, bodi haigusani nayo kabisa, na urefu wake una faida ya namna nyingine nitakayoieleza. Ikiwa inafungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, hapo ndipo hesabu inapoanza. Kuna njia mbili za kufunga hivyo. Ya kwanza ni sahani inayoshika pini ya inchi 2, mfano mdogo wa ile ya semi, na hutumiwa zaidi na trela za kuishi. Ya pili ni gusneki, yaani shingo ya bata bukini, ambayo hushuka juu ya mpira wa chuma wa inchi 2 na 5/16 uliofungwa katikati ya bodi, na ndiyo inayopendwa na wanaobeba magari, mashine na mifugo.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Upana wa juu unaoruhusiwa kwa trela kwenye barabara kuu za Marekani ni inchi 102, na nusu yake ni inchi 51. Trela ya sahani inapokuwa imekunjwa nyuzi 90 na gari, ubavu wake unakuwa umesogea inchi hizo 51 kutoka kwenye pini kuelekea kebini. Sasa chukua Ford Super Duty yenye milango minne: katika bodi ya futi 8, kutoka nyuma ya kebini hadi katikati ya ekseli ni takribani inchi 56, na katika bodi ya kati ni takribani inchi 40. Ya kwanza inabakiza inchi chache. Ya pili imepungukiwa na inchi 11, na hakuna ustadi wa dereva utakaozipata. Tena kabla trela haijafika nyuzi 90, pembe yake ya mbele hupita karibu zaidi kuliko ubavu, ndiyo maana trela nyingi mpya za aina hii zimechongwa pembe au kuviringwa pua. Mnunuzi anaweza kwenda na futikamba yake yadini, aanzie katikati ya tairi la nyuma na kupima kwenda mbele hadi kioo cha kebini; muuzaji akimtazama vibaya, avumilie.

Kwa sababu hiyo ninaiweka bodi ya futi 8 nafasi ya kwanza, na kwa mtu wa trela ya sahani yenye upana kamili nasema aache kutafuta nyingine. Faida zake haziishii kwenye kona. F-350 ya milango minne yenye bodi ndefu ina inchi 176 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, wakati ile ya bodi ya kati ina takribani inchi 160, na urefu huo huifanya itulie zaidi upepo wa ubavuni unapoipiga trela au lori kubwa linapoipita kwa kasi. Hili linamhusu hata yule anayefunga trela yake kwenye bampa, ambako kuyumba ndiko huanzia. Kuna jambo la mafuta pia ambalo wauzaji hulisahau: Super Duty ya dizeli yenye milango minne na bodi ya kati ina tangi la galoni 34, na yenye bodi ndefu ina galoni 48. Galoni 14 za ziada ni takriban lita 53, na anayevuta mzigo mzito kuvuka maeneo yenye vituo vichache ataziona faida zake kabla ya jua kuzama. Zaidi ya hayo, anayetaka tairi mbilimbili kila upande wa nyuma, ambazo kwa gusneki ya futi 40 ningezihesabu kuwa za lazima, atakuta kwamba kwa Ford na Chevrolet gari hilo huja na bodi ya futi 8 tu.

Ubaya wake ni mahali pa kuiweka. F-350 hiyo ndefu ina inchi 266, zaidi ya futi 22, kwa hiyo itachungulia nje ya alama za maegesho ya duka lolote, na gereji nyingi za nyumbani hazitafunga mlango. Inahitaji pia nafasi kubwa ya kugeuka. Anayeishi kwenye nyumba za kupanga zenye maegesho ya kubanana alifikirie hili kwa uzito, kwa sababu gari halivuti trela kila siku, lakini kuegeshwa huegeshwa kila siku.

Nafasi ya pili ni ya bodi ya kati, kwa masharti. Kwa gusneki inafaa kabisa, kwa kuwa shingo ni nyembamba na sakafu pana ya trela huanza nyuma ya pikapu, hivyo pembe hazifiki kebini kirahisi. Cha kuangalia ni kwamba kati ya kingo za bodi na shingo ibaki nafasi ya inchi 6 hivi kwenda juu, maana gari na trela havilali sawa mnapopanda mlango wa yadi. Kwa trela ya sahani, lakini, mwenye bodi ya kati anahitaji sahani ya kuteleza, ambayo husogea nyuma wakati wa kona na kuiondoa trela karibu na kebini. Ziko zinazosogea zenyewe gari linapogeuka, na ziko za mkono, ambazo dereva hushuka, huvuta wenzo, kisha hurudi kwenye usukani na kulisogeza gari mbele taratibu mpaka pini irudi nyuma.

Za mkono ni nafuu, na mimi niliinunua moja kwa sababu hiyo. Jioni moja ya mvua, nikiwa nimechoka na nimebakiza kona moja tu kuingia sehemu ya kupakia, sikushuka. Nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, kisha kioo chote cha nyuma kikamwagika juu ya kiti cha watoto, vipande vidogo kama chumvi ya mawe. Tangu siku hiyo simshauri mtu kununua ya mkono isipokuwa awe anafika kwenye kona kali mara chache kwa mwaka. Na aliye nayo akumbuke kuirudisha mbele kabla ya kushika barabara kuu, kwa kuwa uzito ukikaa nyuma ya ekseli huinyanyua pua ya gari na kuupunguzia usukani mshiko.

Bodi ya futi 5 na nusu ninaiweka mwisho, na kosa kubwa wala si urefu wake. Inakuja kwenye pikapu nyepesi, na uzito ambao trela ya sahani au gusneki hulaza juu ya ekseli ni kama asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake wote. Trela ya paundi 10,000 kwa asilimia 20 inalaza paundi 2,000, wakati pikapu nyingi za daraja hili huruhusiwa kubeba kati ya paundi 1,500 na 2,000 tu, dereva, abiria na sahani yenyewe vikiwa ndani ya hesabu. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kina namba ya gari hilo hasa, na ndiyo ya kuaminiwa kuliko tangazo. Kwa trela ya wastani inayofungwa kwenye bampa, gari hili halina neno.

Kuna chaguo la nne ambalo wanunuzi wa mara ya kwanza hulipita bila kulitazama, nalo ni gari linalouzwa kebini na chesisi tupu, kisha mnunuzi hufungiwa sakafu bapa ya chuma. Hapo umbali kutoka kebini hadi ekseli huwa kwa kawaida inchi 60 au 84, na kwa kuwa hakuna kuta za bodi, shingo ya gusneki haina cha kugonga. Safari yake ni ngumu bila mzigo, na halipendezi kwenda nalo harusini. Lakini kwa anayelala barabarani wiki nne kwa mwezi akivuta mizigo ya watu, ningeliweka juu hata ya bodi ya futi 8.