Daktari bingwa wa meno ya watoto hapa Arusha: uzoefu wangu na wanangu wawili

Binti yangu ana miaka sita na nusu. Alianza kuamka usiku analia, kashika shavu. Kliniki ya kwanza tuliyompeleka, daktari alimulika mara moja tu akasema, "Hili la utoto, tunang'oa, litaota lingine." Watu wawili wakamshika ili apigwe sindano ya ganzi. Alipiga kelele mpaka nikambeba tukatoka, jino likiwa bado mdomoni. Wiki nzima ukimtajia daktari anaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ndipo nikaanza kutafuta bingwa. Mabango ya "tunatibu watoto" ni mengi, hayakunisaidia. Nilipiga simu nikauliza: baada ya shahada ya meno, daktari wenu amesomea watoto? Amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika kama bingwa? Mzazi anaruhusiwa kukaa ndani? Kliniki mbili zilizungukazunguka. Ya tatu ilijibu yote palepale, tukaenda huko.

Siku ya kwanza daktari bingwa hakutibu kitu. Alichukua kile kibrashi cha mashine akakizungusha kwenye ukucha wangu, kisha kwenye ukucha wa mtoto, akamwacha akicheke, ndipo akakigusisha jino la mbele. Basi, tukarudi nyumbani. Safari ya pili binti alipanda kitini mwenyewe, na sindano alilia kidogo tu.

Jino hakuling'oa. Alinieleza kwamba gego lile la utoto linatakiwa likae hadi miaka kumi au kumi na mbili, na gego la ukubwani linaloota nyuma yake kwenye miaka sita husogea mbele likikuta pengo, kisha jino linalofuata linakosa njia. Alisafisha uozo, akatoa nyama ya ndani iliyoharibika, akalivika kofia ya chuma. Inang'aa akicheka, na anaionyesha kwa kila mgeni.

Lakini nilichokuja kuandika hasa ni habari ya kaka yake, miaka kumi na tatu. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia na siku hizi anacheka kafunika mdomo. Mimi mamake nimemgombeza miaka yote kwamba hapigi mswaki vizuri. Daktari alimuuliza yeye, si mimi, linamsumbua nini. Akamwambia kwa upole: hukukosea kitu, madoa haya yaliingia ulipokuwa mdogo, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Ni floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya kunywa. Tuliishi chini ya Mlima Meru tukinywa ya kisima, na mimi nikiyachemsha kwa bidii, kumbe kuchemsha hakuondoi floraidi. Mwanangu aliinamisha kichwa akatoa machozi. Nilimwomba msamaha palepale mbele ya daktari.

Ataanza kwa kusuguliwa tabaka la juu kabisa la jino. Ya kuvisha meno magamba, vile vipande vyembamba vya kufunika uso wa jino, daktari alikataa, akasema asubiri akue.

Kasoro zipo. Bingwa anakuja Jumamosi tu, tulisubiri wiki tatu, na kwa mtoto mwenye maumivu hizo ni nyingi mno. Waweke nafasi za dharura. Kofia bima yetu haikulipia, nilitoa mfukoni. Omba bei kwa maandishi kabla ya kuanza, mapokezi wanatoa ukiwaomba. Kijana ana miadi Jumamosi ijayo, na ameomba aingie peke yake.