Tahadhari: tovuti zinazouza vinyeti za barabara Ulaya kwa bei ya kuruka

Wandugu mnaojiandaa kuzunguka Ulaya na gari msimu huu, kabla hamjalipia barabara mtandaoni simameni kidogo. Kuna tovuti zinauza vinyeti kwa bei mara mbili hata tatu ya ile halali, zimepambwa rangi za serikali, na zikikosea namba ya gari lako faini ni juu yako. Zipo pia zinazokula hela na kupotea moja kwa moja, lakini hizo angalau unajua mapema kwamba umelizwa. Hizi ninazozisema zinawanasa hata watu makini, kwa sababu mwisho wa siku risiti unapata.

Kwa ambao ndiyo safari ya kwanza: vinyeti ni ushuru wa kutumia barabara kuu kwa muda maalumu. Austria wanayo, Uswisi wanayo, Slovenia, Hungaria, Jamhuri ya Czech, Slovakia, Romania na Bulgaria vilevile. Zamani ilikuwa stika ya kubandika kwenye kioo, siku hizi nyingi ni za kidijitali. Unaandika namba ya gari, unalipa, basi, kamera za barabarani zinamaliza kazi. Kwa kuwa hakuna kitu cha kushika mkononi, dalali yeyote anaweza kujipenyeza kati yako na mwenye barabara, akachukua namba yako, akakununulia kwa bei ya kawaida na kukutoza anayotaka yeye.

Yaliyompata shemeji yangu ni haya. Anakaa Tübingen, Ujerumani, alikuwa anawapeleka watoto Split, Kroatia, kwa gari, kupitia Austria na Slovenia. Usiku wa kuamkia safari akaandika kwenye simu "vinyeti Austria" kwa Kijerumani na kubofya jibu la kwanza. Jibu la kwanza lilikuwa tangazo la kulipiwa. Ukurasa ulikuwa mwekundu na mweupe kama bendera ya Austria (bendera haina hakimiliki, kila mtu anajivika), una picha ya barabara na milima, na maandishi makubwa kwamba vinyeti yao inafanya kazi papo hapo. Unajaza nchi, namba ya gari, tarehe, barua pepe. Bei haionekani mpaka ukurasa wa mwisho, na hata pale imeandikwa jumla tu. Ya siku 10 ya Austria ikamtoka karibu euro 30. Mwaka 2025 bei rasmi ilikuwa euro 12.40. Ile ya wiki ya Slovenia, ambayo mwaka huohuo kwa gari dogo la kawaida ilikuwa euro 16, nayo ilipandishwa hivyohivyo.

Bei peke yake tungeinung'unikia tukasahau. Kibaya kilikuwa kwenye namba. Gari la Tübingen lina herufi TÜ, yaani U yenye nukta mbili juu. Yeye aliandika sawasawa, lakini risiti ilirudi na TU. Kwa kamera, hayo ni magari mawili tofauti. Asfinag, shirika linalosimamia barabara kuu za Austria, lina sehemu kwenye tovuti yake ya kuangalia kama namba fulani ina vinyeti. Tulipoweka TU, ipo. Tulipoweka TÜ, hakuna kitu. Akawaandikia wale jamaa. Simu hawana, kilichojibu ni mashine, na jibu lenyewe: kusahihisha namba kuna ada yake. Akalipa, kimya. Asubuhi akanunua nyingine Asfinag kwenyewe ndipo akaondoka.

Angeondoka na ile ya kwanza ingekuwaje? Slovenia, ukikutwa huna vinyeti sahihi faini inaanzia euro 300 na inafika 800. Uswisi ni faranga 200 na bado unailipia vinyeti yenyewe. Austria wanakutoza kwanza ushuru wa fidia, usipoulipa inageuka kesi ya euro 300 hadi 3,000. Na barua inakufuata mpaka nyumbani, msidhani ukishavuka mpaka yameisha.

Hilo neno "papo hapo" lina hila yake. Austria kuna utaratibu kwamba vinyeti ya kidijitali ya miezi miwili au ya mwaka, mtu binafsi akiinunua mtandaoni, inaanza kufanya kazi siku ya 18 baada ya kununua, kwa sababu mteja ana haki ya kughairi. Madalali wanaushika huo utaratibu na kuutumia kukutisha, uone kwamba bila wao safari ya kesho haipo. Lakini ya siku moja na ya siku 10 hazina huko kungoja. Unachagua tarehe mwenyewe, hata leo hii. Msafiri wa kawaida hana haja ya kitu kingine.

Ukisoma mpaka chini kabisa ya ule ukurasa, kwa maandishi ya kijivu yasiyosomeka kwenye simu, wameandika kuwa wao ni wakala binafsi na hawahusiani na mamlaka yoyote. Ndiyo kinga yao hiyo. Kisheria wanaweza kujitetea nayo, mimi nauita wizi wa mchana kweupe.

Pa kununulia ni hapa, na andikeni anwani wenyewe kule juu badala ya kutafuta na kubofya: Austria ni asfinag.at. Slovenia ni evinjeta.dars.si. Uswisi ni via.admin.ch, na kule ipo ya mwaka tu, faranga 40. Mtu akikuuzia vinyeti ya Uswisi ya wiki moja ujue ameitunga. Czech ni edalnice.cz, Slovakia eznamka.sk, Bulgaria bgtoll.bg. Kwa Slovenia angalieni daraja la gari: 2A ni yale ambayo kimo chake juu ya ekseli ya mbele hakizidi mita 1.30, yakizidi mara nyingi ni 2B na bei inapanda. Madalali wengi hawakuulizi, wanachagua wao.

Kuna na vitu vinauzwa ambavyo havihitajiki. Kroatia na Italia magari madogo hayana vinyeti; mpaka naandika haya, barabara kuu za kulipia mara nyingi unalipa kwenye vibanda, kwa kadi au taslimu. Ujerumani gari dogo halilipii barabara kuu kabisa. Na "kifurushi cha Austria yote" ni uongo, kwa sababu njia ya Brenner, ya Tauern na handaki la Karawanken la kuingilia Slovenia zina malipo yake pembeni. Stika ya hewa safi ya Ufaransa, Crit'Air, iko certificat-air.gouv.fr kwa chini ya euro 5, hata kama gari limesajiliwa nje. Nimeona inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Mnaopokea wageni kutoka nyumbani watakaosaidia kuendesha, chungeni na leseni za kimataifa za mtandaoni. Leseni ya kimataifa ya kweli ni kijitabu cha tafsiri, inatolewa na nchi iliyokupa leseni yako, na haitumiki bila leseni yenyewe. Kwa Kenya, AA Kenya (chama cha wenye magari) wanatoa. Muda wake ni mwaka mmoja au usiozidi miaka mitatu, kutegemea imetolewa chini ya mkataba upi wa kimataifa wa barabara. Ukiona tovuti inakuuzia ya miaka 10 au 20, yenye nembo inayofanana na ya Umoja wa Mataifa, kimbia. Umoja wa Mataifa hautoi leseni kwa mtu.

Kama umekodi gari, uliza kwanza. Magari yanayokodishwa ndani ya Austria kwa kawaida yana vinyeti tayari, na watu wananunua mara ya pili bila sababu.

Umeshalipa kwa hao jamaa? Usikimbilie kununua nyingine. Angalia kwanza kama namba yako imesajiliwa sawasawa, herufi kwa herufi, sifuri isiwe O. Ikiwa sawa, umepigwa bei tu lakini barabarani uko salama. Ikiwa si sawa, nunua upya kwenye tovuti rasmi kabla ya kuvuka mpaka, kisha peleka benki risiti zote mbili na picha ya ukurasa ule kuomba kurudishiwa. Shemeji amefungua malalamiko hivyo. Benki wamekubali kulipokea dai la ile ada ya kusahihisha namba kwa sababu huduma haikutolewa. Kwa vinyeti yenyewe wanasema bei aliiona akabofya. Wakitoa jibu la mwisho nitaliongeza hapa.