Orodha ya kufungua au orodha ya kuzuia?

GATS, mkataba wa huduma wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza 1995, unatumia orodha ya kufungua: nchi huandika sekta inazoruhusu wageni kuingia. Tanzania iliandika hoteli za nyota nne kwenda juu tu. Maji, shule na hospitali haikuzigusa.

Kwenye CETA, mkataba wa biashara kati ya Kanada na Umoja wa Ulaya, kibao kimegeuka, orodha ni ya kuzuia: kila sekta iko wazi isipokuwa iliyotajwa. Mwandishi wa orodha akisahau mstari mmoja, huduma hiyo imeshaingia sokoni.

Mimi naichagua ya kwanza, ingawa nayo ina mwanya. GATS inaziacha nje huduma za serikali zisizotolewa kibiashara wala kwa ushindani. Je, zahanati ya umma inayotoza ada, jirani na ya binafsi, nayo iko nje? Mkataba hausemi.