Kozi ya Mtandaoni Kuhusu Dola Zilizochanganya Ufalme na Jamhuri

Kozi hii fupi ya video itamfaa yeyote anayedhani kwamba nchi lazima iwe ama ufalme ama jamhuri. Somo lake bora linahusu Andorra, nchi ndogo kati ya Ufaransa na Hispania, ambako wakuu wa nchi, wenye cheo cha mwanamfalme, ni wawili kwa wakati mmoja, yaani Askofu wa Urgell, ng'ambo ya mpaka huko Hispania, na Rais wa Ufaransa, na mwalimu anaeleza kwa utulivu jinsi katiba ya mwaka 1993 ilivyowaachia heshima ya cheo huku utawala ukiwa mikononi mwa bunge na serikali. Kwa hiyo Wafaransa, waliomkata kichwa mfalme wao mwaka 1793, leo humchagulia jirani yao mwanamfalme kwa kura. Kichekesho hicho mwalimu amekipita bila hata kutabasamu.

Malaysia nayo imeelezwa kwa undani wa kuridhisha: watawala tisa wa majimbo hupiga kura ya siri ili kumpata mfalme wa miaka mitano, wakitumia karatasi zisizo na nambari, ambazo huharibiwa baada ya matokeo kutangazwa.

Udhaifu uko kwenye somo la Poland na Lithuania zilipokuwa dola moja, ambako wafalme walichaguliwa na makabaila. Mbunge mmoja tu aliweza kuvunja kikao kizima kwa kukataa, na utaratibu huo, uliochangia kudhoofika kwa dola hiyo hadi ikagawanywa na majirani zake, umepewa sentensi mbili. Maswali ya mazoezi pia yanadai tarehe tupu. Hata hivyo, ningeipendekeza kwa ajili ya Andorra pekee.